Je, Wajua? Kamongo Anatushinda kwa DNA

Jenomu ya binadamu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ina herufi takriban bilioni 3. Ni nyingi, lakini tusijivune. Kamongo, yule samaki wa matopeni mwenye mapafu, anayejulikana sana Ziwa Victoria, anatuacha mbali. Mwaka 2021 wanasayansi walisoma jenomu ya kamongo wa Afrika Magharibi wakakuta herufi bilioni 40 hivi. Mwaka 2024 ikaja zamu ya ndugu yake wa Amerika Kusini: bilioni 91!

Je, ana akili kutuzidi? Hapana. Idadi ya jeni zake haipishani sana na yetu. Kilichojaza nafasi ni vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika kwingine, kizazi baada ya kizazi.

Hapo ndipo bayoinfomatiki, fani inayonivutia kuliko zote, inapotoa jasho. Mashine husoma DNA vipande vipande, kisha programu za kompyuta huviunganisha. Ni kama kuunga gazeti lililochanwa ilhali tangazo lilelile limechapishwa kila ukurasa: kipande hiki ni cha wapi? Mashine zinazosoma vipande virefu ndizo zilizoleta nafuu.

Kamongo huyo wa Amerika Kusini ana aina 19 za kromosomu. Kati ya hizo, 18 kila moja peke yake ni kubwa kuliko jenomu nzima ya binadamu.