Kikohozi Sugu, Kifua Kisafi

Kikohozi kikifika wiki mbili, swali la kwanza katika zahanati za Tanzania na Kenya ni kifua kikuu, na ndivyo inavyopasa. Makohozi huwekwa kwenye mashine ya GeneXpert, na kipimo kikishaanza, jibu hutoka chini ya saa mbili. Tabu huja pale jibu linaposema hakuna TB, eksirei inaonyesha mapafu safi, na mtu bado anakohoa.

Kwa mtu mzima, kikohozi kilichopita wiki 8 huitwa sugu. Wengi hufika hapo wakiwa wameshazunguka maduka ya dawa: dawa za maji za kila rangi, kisha antibayotiki. Kwa kikohozi kikavu kisicho na homa, antibayotiki mara nyingi hazina kazi. Nyingine, kama levofloxacin, huweza kuifubaza TB kwa muda ikachelewa kugunduliwa.

Swali linalochelewa kuulizwa, kwa maoni yangu, ni hili: unameza dawa gani ya presha? Soma boksi. Jina likiishia na “pril” (captopril, enalapril, lisinopril), mshukiwa ameshapatikana. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachozalisha kemikali ya kubana mishipa ya damu. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho huvunja bradikinini; kikizuiwa, bradikinini hurundikana kwenye njia ya hewa na kuzichokoza neva za kikohozi. Koo huwasha, kikohozi huwa kikavu, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume. Kinachowapoteza wengi ni muda. Kikohozi chaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, au miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekishuku kidonge.

Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida kikohozi hukoma ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa wapo wanaosubiri hadi miezi mitatu. Losartan hushusha presha bila kukigusa kimeng'enya hicho, ndiyo maana daktari huipendelea hapo. Abadilishe yeye; kujiachisha dawa ya presha ni kujitafutia kiharusi.

Kama hakuna kidonge cha kulaumiwa, kuna pumu isiyo na mlio wowote kifuani, inayojulikana kwa kukohoa tu, hasa usiku. Kuna kamasi zinazoteremka nyuma ya koo. Kuna asidi ya tumbo inayopanda, wakati mwingine bila kiungulia. Moshi wa kuni na sigara hauhitaji maelezo. Hata nta iliyoganda sikioni huweza kukohoza, kwa sababu tawi la neva ya vagasi, ile inayopeleka taarifa za kikohozi, hupita humo.

Daktari mvumilivu hutibu kisababishi kimoja, husubiri wiki kadhaa aone, ndipo ahamie kingine. Damu kwenye makohozi, kukonda au jasho la usiku huvunja utaratibu huo wote: hapo mgonjwa hurudishwa kwenye vipimo mara moja, hata kama eksirei ya mwezi uliopita ilikuwa safi.