Kilichopo Katikati ya Meza

Harusini, Jumamosi moja, wahudumu wa ukumbi walinikalisha kwenye meza ya watu wanane ambao sikumjua hata mmoja. Salamu zilikwenda vizuri. "Habari za hapa?" "Nzuri, karibu." Baada ya hapo, kimya. Mmoja alizama kwenye simu, mwingine akawa anaisoma karatasi ya chupa ya maji kama barua iliyotoka kwao. Tulikaa hivyo robo saa nzima, hadi mama mmoja wa makamo alipoionja pilipili iliyokuwa katikati ya meza, akakunja uso, akasema kama anayejisemea: "Aliyepika hii ana kisasi na sisi." Meza yote ikaangua kicheko, na soga likaanza.

Mimi kazi yangu ni kuchunguza jinsi watu wanavyozungumza, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nikijikuta na watu wachache nisiowajua, nianze na maneno gani? Anayeuliza hivyo anajipekua kichwani akitafuta sentensi ya maana, na ilhali yule mama hakujipekua popote. Aliokota kilichokuwa mezani.

Mmarekani William H. Whyte aliliona jambo hili kwenye viwanja vya wazi vya New York, alikokaa akiwarekodi wapita njia kwa kamera. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1980 alieleza kwamba watu wasiojuana huanza kusemezana pakiwapo kitu cha tatu cha kutazama kwa pamoja, kama mpiga muziki au sanamu ya ajabu. Ni pembetatu: mimi, wewe, na kile tunachokitazama sote.

Watu wa pwani walikuwa wameshaijenga pembetatu hiyo kwa mawe. Itazame baraza ya nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja: imeshikana na ukuta, waliokaa wamepangana bega kwa bega, macho yao njiani. Hakuna anayelazimika kumkodolea mwenzake macho, na hakuna anayeombwa kuleta mada, kwa sababu mada zinapita zenyewe. Mkokoteni umekwama, mtoto anakimbizwa na bibi yake, wingu limetanda upande wa bahari. Ukinyamaza, hunyamazi vibaya; unatazama njia. Bao nalo hufanya kazi hiyohiyo. Wachezaji wawili wanahesabu kete, na wanaosema sana ni wale waliosimama nyuma yao, kila mmoja akijua kete ambayo ingepaswa kuchezwa.

Salamu zetu zina hazina ambayo tunaiacha ilale. "Habari?" peke yake hujibiwa "nzuri" na mlango ukafungwa, maana ndivyo desturi inavyotaka, hata kama mtu ameunguliwa nyumba. Lakini "habari za" inapokea karibu kila kitu: za mvua, za shamba, za safari. Jijini Dar es Salaam jaribu "habari za foleni?" Sijasikia bado mtu akijibu nzuri akaishia hapo.

Kuingia kwa watu waliokwisha kuanza mazungumzo ni kazi nyingine. Adam Kendon, aliyechambua mazungumzo kwa kutumia filamu, alionyesha kwamba watu wanaoongea hujipanga wakazunguka nafasi ambayo kila mmoja anaifikia sawa na mwenzake. Mgeni husubiri ukingoni hadi wenyewe wajisogeze. Kijiweni kwa muuza kahawa mambo huenda hivyohivyo: unatoa salamu, unakaa mwisho wa benchi, unaagiza kikombe na kashata. Kikombe kile ndicho kibali chako cha kukaa pale bila kusema neno. Wakishasogea, usiulize "mnaongelea nini?" Swali hilo linawasimamisha wote na kumpa mmoja kazi ya kukusimulia upya. Shika neno la mwisho lililosemwa, uliza juu ya hilo: "Na huyo fundi, akarudi?" Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2017 uchunguzi ulioonyesha kwamba wanaouliza maswali ya kufuatilia walichosema wenzao hupendwa zaidi. Wala jambo hilo halikuhitaji chuo kikuu. Yeyote aliyewahi kusimulia safari yake akakatizwa na safari ya mwenzake analijua.

Kuhusu woga, niseme kidogo tu. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake waliwakutanisha watu wasiojuana, kisha wakamuuliza kila mmoja anadhani mwenzake amempenda kiasi gani. Kwa kawaida walikadiria chini ya ukweli. Kwa hiyo lile jambo la kipuuzi ulilolisema juzi, na ambalo bado unalilalia macho usiku, huenda ni wewe peke yako unayelikumbuka.

Idadi nayo ina sauti. Robin Dunbar na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1995, waliona kwamba mazungumzo ya kawaida hayabebi zaidi ya watu wanne hivi. Akiongezeka mwingine, kundi huanza kukatika. Ndiyo maana sishauri mtu ahutubie meza ya wanane. Mwelekee jirani yako na aliye mbele yako, inatosha.

Meza yetu ya harusini ilikatika kabla ya keki. Upande ule mama wa pilipili alianza kisa cha shemeji yake aliyepeleka posa nyumba isiyo yake, na upande wetu mzee mmoja alikuwa ameshalishika suala la bei ya mchele. Nilijaribu kutega sikio. MC akaongeza sauti ya muziki, na mpaka leo sijui ile posa ilipokelewa au la.