Frezi nyuma ya jikoni

Tangu mauaji yaanze huku Beni mwezi wa Oktoba 2014, wengi wetu tumeacha mashamba ya mbali. Lakini parsele nyuma ya jikoni bado ni yetu, na frezi haiombi nafasi kubwa. Inapenda baridi, kwa hiyo Butembo, kwenye milima inayopita mita 1.700, inastawi kuliko Beni penye joto.

Mbegu hatununui. Mmea hutoa kamba zinazotambaa, na pale kamba inapogusa udongo, mche mtoto huota mizizi. Tunaukata, tunaupanda kwa nafasi ya sentimeta 30, moyo wake ukibaki juu, ukifukiwa, unaoza. Chini tunatandika nyasi kavu, tunda lisilale kwenye matope.

Shida ni kuuza. Frezi si kama avoka. Ikishachumwa haiivi tena. Lazima ichumwe nyekundu, asubuhi, iuzwe upesi. Barabara ya Butembo na Beni ikifungwa siku moja tu, minervali ya mtoto inaoza ndani ya kitunga. Basi zinazobaki tunazipika konfitiri jioni ileile: kilo moja ya frezi, gramu 700 za sukari, maji ya limau. Hiyo inangoja barabara ifunguliwe.