Masikio ya mwenye VIH: usinyamaze, usiache dawa

Ndani ya kisima cha madini, masikio njo yanaokoa mtu. Mwenzako wa juu anapiga kelele: «Udongo unashuka, toka!» Ukikosa kumusikia, utabaki chini. Ndiyo maana leo tunasema juu ya jambo ambalo mtu anaweza kulificha, hapa Kalemie sawa na kule Manono na Nyunzu: kupoteza kusikia kwa wenye kuishi na VIH.

VIH inapunguza kinga ya mwili, magonjwa mengine yanapata njia. Sikio linatoka usaha mara kwa mara. Kaswende na homa ya uti wa mgongo zinaweza kuharibu mshipa wa kusikia. Kifua kikuu nacho kinashika sana wenye VIH, tena mchimbaji anavuta vumbi la mawe lenye kukipa nguvu. Ongeza makelele ya baruti na mashine za kutoboa mawe.

Kwa miaka mingi, kifua kikuu sugu kilitibiwa kwa sindano za miezi mingi, kama vile kanamisini. Ziliponya watu, lakini wengine ziliwaziba masikio kabisa, bila kurudi. Mwaka 2019 OMS iliacha kushauri kanamisini, na mwaka 2022 ikashauri matibabu ya vidonge tu ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi. Kama munganga anakupa sindano za kifua kikuu, muulize: masikio yangu yatapimwa lini?

Hatari kubwa ni hii: mtu anaona hasikii vizuri, anasema «ni vidonge vya VIH», anaviacha peke yake. Vidonge hivyo njo vinafunga mlango kwa magonjwa tuliyotaja. Usiviache. Ukisikia mlio ndani ya sikio, kizunguzungu, ao ukiona usaha, nenda hospitali mapema. Usitie mafuta wala kijiti.

Mama, kama baba haitikii, usiseme ni kiburi. Simama mbele yake, sema polepole akuone mdomo. Nanyi wakubwa wa visima, sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mtu juu ya VIH. Asiyesikia vizuri musimufukuze: mupeni kazi ya juu, kuosha ao kuchagua mawe, wakati munganga anamupima.