Amplifaya: Iwashwe ya Mwisho, Izimwe ya Kwanza

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo naongea na vijana wanaofunga vyombo kanisani, harusini, msibani na kwenye uwanja wa mgao. Chukua kalamu na daftari.

Naijua kwaya moja iliyochanga karibu mwaka mzima. Mama wengine waliuza maandazi, vijana walifyatua matofali. Wakanunua spika mbili. Jumapili ya kwanza, kabla mahubiri hayajaisha, spika zikanyamaza. Watu wakasema wameuziwa feki. Lakini taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka tangu wimbo wa kwanza, na hakuna aliyejua maana yake. Tutairudia taa hiyo.

Kwanza, amplifaya inafanya nini? Umeme unaotoka kwenye maikrofoni au simu ni mdogo sana, hauwezi kusukuma spika. Unapita kwenye mikisa, halafu amplifaya inaukuza. Amplifaya ya stereo ina pande mbili, kushoto na kulia, kila upande na kitufe chake cha sauti.

(MLIO MFUPI)

MTANGAZAJI: Tuanze na spika. Geuza spika yako, soma nyuma. Utaona namba ya omu, mara nyingi 8 au 4. Hiyo ndiyo inayoonyesha spika inazuia umeme kiasi gani. Ukifunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye upande mmoja, amplifaya inaona omu 4. Ukifunga nne, inaona omu 2. Namba ikishuka, amplifaya inafanya kazi kubwa zaidi na inapata joto. Nyingi zimeandikwa nyuma kwamba zisishuke chini ya omu 4. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie, "Ongeza tu spika, zitalia." Zitalia, ndiyo. Lakini kwa muda gani?

Sasa waya. Waya mwembamba wa maikrofoni usiutumie kwenye spika, utapata joto. Tumia waya wa nyuzi mbili, mnene, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyohitaji unene zaidi. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ukigeuza kwenye spika moja tu, hazitaungua, lakini besi itapotea, kwa sababu moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Na nyuzi za mwisho zisigusane, zinapiga shoti.

Nyuma ya amplifaya nyingi kuna swichi yenye maneno STEREO, PARALLEL na BRIDGE. Kwa matangazo weka PARALLEL, ili pande zote mbili zitoe sauti ileile. Ukiacha STEREO na maikrofoni imeingia upande mmoja tu, waliokaa upande wa pili hawasikii kitu. Fikiria linatangazwa jina la mtoto aliyepotea, na mama yake amekaa upande huo. BRIDGE inaunganisha pande mbili kuwa moja yenye nguvu kubwa. Usiiguse kama hujasoma maelezo ya mashine: mara nyingi hapo haitaki chini ya omu 8.

(MLIO MFUPI)

MTANGAZAJI: Umeme. Ukitumia jenereta, iwashe, iache itulie, ndipo uchomeke vyombo. Iwe nje, mbali na watu, maana moshi wake unaua. Zima amplifaya kabla mafuta hayajaisha, na usijaze mafuta injini ikiwa inawaka. Ukitumia betri ya sola na inveta, piga hesabu. Vyombo vinavyokula wati 300 kwenye betri ya volti 12 vinavuta ampea 25, bado hujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Betri ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hazifiki hata saa mbili. Mkutano wa saa nne unahitaji mpango mwingine.

Kuwasha kuna utaratibu. Vitufe vyote vya sauti viwe sifuri. Washa mikisa. Amplifaya iwashwe ya mwisho. Pandisha sauti polepole. Wakati wa kufunga, amplifaya izimwe ya kwanza. Ukikosea, spika inapiga kishindo, na kishindo kikubwa kinaweza kuichana.

Sasa ile taa nyekundu, iliyoandikwa CLIP. Ikimweka mara mojamoja, si neno. Ikikaa inawaka, amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake. Sauti inakwaruza, na umeme uliokatika vichwa unachemsha spika ndogo ya sauti nyembamba mpaka inaungua. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile kwaya. Dawa ni moja: punguza sauti. Watu wa nyuma hawasikii? Inua spika juu ya vichwa vya watu, au zisogeze karibu nao. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Maikrofoni ikipiga mluzi, mwenye kuongea asimame nyuma ya spika, si mbele yake.

Mwisho, joto. Usifunike amplifaya kwa kitenge, hata kama vumbi ni jingi. Acha nafasi kwenye feni. Mvua ikija, zima kwanza, ndipo ufunike. Fyuzi ikikatika, weka ya namba ileile. Karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha waya si fyuzi: siku hiyo itakayokatika ni mashine yenyewe, au moto utashika hema.

Nakariri: soma omu, waya mnene, amplifaya iwashwe ya mwisho na izimwe ya kwanza, taa nyekundu ikikaa punguza. Vyombo hivi ni jasho la watu wengi. Kijana mwenzangu, ukikabidhiwa, vitunze.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)