Machweo ya Oktoba yanavyowanasa wapenzi wa milima

KILA ifikapo wiki ya pili ya Oktoba, barabara kuu namba 93, itokayo Boston kwenda kaskazini, hufurika magari ya watu wanaokwenda kutazama majani. Huo si mzaha. Misitu ya jimbo la New Hampshire, nchini Marekani, hubadilika rangi kwa majuma machache tu kabla ya miti kubaki mitupu, na watu wa mijini husafiri saa mbili, tatu au zaidi ili wayaone mandhari hayo kabla hayajatoweka. Wengi wao huenda wawili wawili: mume na mke, au wachumba.

Wapo wanaoridhika kuyatazama wakiwa ndani ya gari. Wengine huvaa viatu vya kupandia milima na kuingia msituni. Hao wa pili ndio ambao, baadhi ya miaka, hutafutwa usiku kwa tochi.

Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta huenda akashangaa hatari hiyo inatoka wapi. Milima yenyewe si mirefu. Mount Lafayette, unaopandwa na watu wengi katika bonde la Franconia Notch, una mita 1,600 hivi, chini ya mji wa Nairobi. Hakuna simba wala nyati. Njia zina alama za rangi, na ramani huuzwa madukani. Mtego uko kwenye saa ya mkononi.

Kwanza, hayo majani. Kiswahili cha pwani hakina jina lililozoeleka la majira haya. Vuli, neno ambalo wafasiri hulikimbilia, kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ni mvua fupi, si majani yanayoanguka. Huku ni majira ya mapukutiko. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile kemikali ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na iliyobaki huvunjwavunjwa. Rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, ikiwa imefunikwa na ukijani, ndipo inapoonekana. Nyekundu ni jambo jingine: mti huitengeneza upya wakati huo huo, hasa mchana unapokuwa na jua na usiku ukawa na baridi isiyofikia kuganda. Mti wa mepo, ambao utomvu wake huchemshwa ukawa sharubati nzito, ndio hodari zaidi wa wekundu huo.

Kwa hiyo kinachowavuta watu msituni na kinachowatia hatarini ni kitu kimoja: kufupika kwa siku. Katika latitudo ya digrii 44 kaskazini, ambako ndiko iliko milima hiyo, mwezi Oktoba mchana hupungua kwa takriban dakika tatu kila siku. Mwanzoni mwa mwezi jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni. Katikati ya mwezi huzama saa 12 na dakika chache. Kisha Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kisheria, na ghafla machweo yanakuwa saa 10 na nusu. Anayeishi Dar es Salaam, ambako machweo ya mwaka mzima hayatofautiani hata kwa saa nzima, hana sababu ya kulihesabu jua. Mkazi wa Boston anayefanya kazi ofisini naye hana tofauti kubwa, kwani taa za mji humsahaulisha.

Jambo la pili ni njia zenyewe. Watu wengi hudhani njia ya msituni ni ya udongo, pana na laini. Njia za New Hampshire ni za kale mno. Ile iitwayo Crawford Path ilianza kufunguliwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan Allen Crawford, nayo hutajwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote nchini Marekani ambazo zingali zikitunzwa na kutumika. Nyingi kati ya njia hizo zinapanda moja kwa moja, bila kupindapinda ili kupunguza ukali wa mlima. Mvua ya karne mbili imeuosha udongo na kuacha mawe makubwa na mizizi iliyovimba kama mishipa ya mkono wa mzee. Mtu hatembei, bali hupanda na kushuka ngazi zisizo na kipimo.

Oktoba, ngazi hizo hufunikwa na majani. Jani lililolowa juu ya jiwe huteleza kama ganda la ndizi, na chini yake huwezi kujua kama kuna jiwe lililokaa imara, shimo au mzizi. Aidha, majani huficha njia yenyewe: pale ambapo kiangazi unaona mkondo uliokanyagwa na maelfu ya miguu, sasa msitu wote ni zulia moja. Hapo mtembezi hana budi kutegemea alama za rangi zilizopakwa kwenye miti na miamba, ambazo hazionekani gizani bila taa.

Chukua mfano wa mzunguko unaopendwa kuliko mingi, ule wa Franconia. Unaanzia kwenye maegesho ya Lafayette Place, unapanda kwa njia ya Falling Waters kando ya maporomoko ya maji, moja likiwa na kimo cha mita 24 hivi, kisha unafuata mgongo wa milima ulio juu ya mpaka wa miti kwa karibu kilomita tatu hadi kilele cha Lafayette, na kurudi kwa njia ya Old Bridle Path. Jumla ni kilomita 14 na ushee. Mtu wa mjini akisikia kilomita 14 huona ni mwendo wa saa tatu, na kwenye barabara ya lami angekuwa sahihi.

Kitabu cha mwongozo cha Appalachian Mountain Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1876, hutumia kanuni nyingine. Kila kilomita 1.6 huhesabiwa nusu saa, na kila mita 300 za kupanda huongezwa nusu saa nyingine. Mzunguko huu una mita karibu 1,200 za kupanda. Hesabu inatoa saa sita na dakika 25 za kutembea, bila kukaa, bila kula, bila kupiga picha hata moja. Na nani aende kutazama majani asipige picha?

Tuseme basi mume na mke wameondoka Boston saa 2 na nusu asubuhi, wakatafuta maegesho kwa shida maana ni wikiendi ya mapumziko ya siku tatu, wakaanza kupanda saa 5. Wakipumzika saa moja tu kwa siku nzima, watarudi kwenye gari saa 12 na dakika 25 jioni, jua likiwa limekwisha kuzama. Hapo hakuna aliyeteleza wala kupotea, na magoti ya wote wawili bado ni mazima. Wangeanza saa 1 na nusu asubuhi, wangefika chini kabla ya saa 9 alasiri, jua likingali juu.

Tena giza la msituni halingoji saa rasmi. Franconia Notch ni bonde jembamba lenye milima upande wa magharibi pia, kwa hiyo jua hupotea nyuma ya mlima mapema. Chini ya misonobari, ambayo haipukutishi majani yake, huwa kiza wakati mawingu ya juu bado yana wekundu. Simu ya mkononi inaweza kutoa mwanga, lakini baridi hudhoofisha betri, na mabondeni mtandao haupatikani kwa uhakika.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo ramani na saa havilielezi, nalo ni hao wawili wenyewe. Kutembea na umpendaye kuna raha yake na kasoro yake. Mwendo huwa wa yule aliye mwepesi, ilhali ungepaswa kuwa wa aliye mzito. Aliyechoka huona haya kusema. Asiyechoka huona haya kuuliza. Wote wawili wamesafiri mbali na kuisubiri siku hiyo kwa wiki nzima, na hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyeivunja.

Mwaka 1974 mtaalamu wa masuala ya uongozi, Jerry Harvey, aliandika juu ya safari ya familia yake huko Texas. Yeye, mkewe na wakwe zake walikwenda kula chakula katika mji wa Abilene, mwendo wa kilomita 85 kwenye joto kali na gari lisilo na kiyoyozi. Waliporudi ndipo ilipobainika kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda; kila mmoja alidhani wenzake wanataka. Wapanda milima wengi wenye uzoefu wangeitambua hali hiyo mara moja. Ndiyo maana wao hukubaliana saa ya kugeuza wakiwa bado kwenye maegesho, kabla uchovu na mapenzi havijaingia katika mashauriano. Ikifika saa hiyo hugeuza, hata kama kilele kinaonekana.

Wawili pia ni idadi mbaya ajali inapotokea. Kanuni ya kale ya wapanda milima inapendekeza watu wanne, hasa wakati wa baridi: mmoja akiumia, mmoja hubaki naye, na wawili huenda kutafuta msaada. Kwa wawili, mmoja akiteguka kifundo cha mguu, mwenzake analazimika kuchagua kati ya kubaki bila msaada na kumwacha mgonjwa peke yake gizani. Kumbeba hawezi. Waokoaji wenyewe, wakiwa na machela, hubeba kwa kawaida watu sita kwa wakati mmoja huku wengine wakisubiri kupokezana, na kwenye mawe yale mwendo wa kilomita chache huchukua saa nyingi.

Katika kungoja huko ndipo baridi hufanya kazi yake. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa digrii sita na nusu kila mita 1,000 za kupanda, na juu ya mpaka wa miti kuna upepo usio na kizuizi. Si lazima kuwe na theluji. Digrii tano pamoja na upepo na fulana ya pamba iliyolowa jasho zinatosha. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, mtu hutetemeka, vidole hukataa kufunga zipu, hujikwaa, huanza kumung'unya maneno, na mwishowe hukosa hata akili ya kujua kwamba anaumwa. Mwenzake, kama naye amepoa, huenda asigundue.

Tofauti na Kilimanjaro, ambako hakuna apandaye bila mwongozaji na jina lake huandikwa langoni, hapa hakuna lango wala mwongozaji wa lazima. Kinachotegemewa ni busara ya mtu. Jimbo limeliona hilo, na tangu 2008 sheria yake inaruhusu aliyeokolewa kutozwa gharama iwapo ilitokana na uzembe wake. Mwaka 2015 ilianzishwa kadi ya hiari, dola 25 kwa mtu mmoja na dola 35 kwa familia. Mwenye kadi husamehewa gharama hizo, isipokuwa akibainika kwamba alifanya ujinga wa makusudi. Fedha za kadi husaidia kazi ya uokoaji, ambayo huongozwa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ikishirikiana na vikundi vya watu wa kujitolea.

Idara hiyo na wasimamizi wa msitu wa taifa huwataka watembezi wabebe vitu kumi, vikiwamo ramani, dira, nguo za joto, koti la mvua, kiberiti, filimbi na taa. Afadhali tochi ya kichwani, maana mikono huhitajika kwenye mawe. Kwa mume na mke, tochi ziwe mbili. Kadhalika, mtu aliyebaki nyumbani aambiwe njia itakayopitwa na saa ya kurudi. Novemba huongezeka nguo ya rangi ya chungwa kali, kwa kuwa ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki.

Makosa haya si ya kizazi cha simu za mkononi. Septemba 1855, msichana aitwaye Lizzie Bourne, kutoka Kennebunk katika jimbo la Maine, alianza kupanda Mount Washington pamoja na ami yake na binti wa ami yake. Waliondoka mchana, saa zikiwa zimekwenda. Usiku, ukungu na upepo viliwakuta juu. Ami alipanga mawe kuwakinga wasichana wale, lakini Lizzie alifariki usiku huo huo. Kulipopambazuka, waliosalia waliona kwamba walikuwa wamelala karibu kabisa na nyumba ya wageni ya kileleni.

Mahali hapo pana alama ya kumbukumbu kando ya reli ya meno iliyofunguliwa mwaka 1869, na abiria huiona kupitia dirishani. Tip Top House, nyumba ya mawe iliyojengwa kileleni mwaka 1853, bado imesimama. Kutoka kwenye alama hiyo hadi mlangoni mwake ni mwendo wa dakika chache, mchana.