Nauli ya Kitonga na Hesabu za Dodoma

Ndugu msomaji, kila ukatapo tiketi ya basi katika kituo kikuu cha Mbezi, Dar es Salaam, ukaelekea Iringa au Mbeya, unalipa nauli mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye tiketi yako. Ya pili huioni kwa macho: imo ndani ya kila lita ya mafuta yanayotumiwa na basi hilo, kwa njia ya tozo inayoingia katika Mfuko wa Barabara. Nauli ya kwanza inakuondoa ulipo. Ya pili ndiyo inayopaswa kukufikisha salama. Na mtu wa kwanza anayewajibika kuiulizia hiyo ya pili kwa niaba yako ni mbunge wako.

Tuchukue mfano wa Wilaya ya Kilolo, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kuigawa Wilaya ya Iringa. Atokaye Morogoro hupokewa na wilaya hii pale Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, akapandishwa Mlima Kitonga, kisha akatokezea Ilula penye nyanya. Njia hiyo ni barabara kuu ya Tanzam, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Zambia. Basi la abiria na lori la mizigo hukutana katika kona zile zile, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde.

Kitonga haina mzaha. Dereva wa lori zito anayeteremka kwa gia kubwa hulazimika kukanyaga breki mfululizo. Breki hupata moto, nguvu zake hupungua, na mwisho wake hazishiki. Ndiyo maana dereva aliyefunzwa vizuri hutia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza. Mwendo nao una hesabu yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa ya abiria na mizigo. Basi linalokimbia kilomita 100 huhitaji zaidi ya mara moja na nusu ya umbali ule ule ili lisimame baada ya breki kukanyagwa. Katika kona, umbali huo haupo.

Hata hivyo, si haki kumtwika dereva mzigo wote. Tarehe 11 Machi 2015, Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Taarifa za siku zile zilitaja shimo barabarani. Kipande cha Mafinga hadi Igawa kilifanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka iliyofuata. Hapo, ndugu msomaji, ndipo usalama wa abiria na matumizi ya fedha za umma yanapokuwa jambo moja. Shimo huanza likiwa dogo kama sahani. Fedha za matengenezo zikichelewa, mvua hulipanua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na barabarani tunajenga na makaburi.

Nani basi aulizwe? Barabara kuu ziko mikononi mwa TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Za wilaya ziko kwa TARURA tangu mwaka 2017, chini ya TAMISEMI. Leseni na ratiba za mabasi husimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Askari wa usalama barabarani ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwananchi akibisha mlango mmoja, huenda akaelekezwa mwingine. Pahali pamoja ambapo mawaziri wote hao huketi mbele ya wawakilishi wa wananchi ni Bunge.

Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, pamoja na haki ya kumuuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atoe taarifa yake kila mwaka kwa Rais, na taarifa hiyo ifikishwe Bungeni. Huko Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita maofisa wajieleze. Mkaguzi huyo haishii kwenye stakabadhi: mwaka 2012 ofisi yake ilitoa taarifa ya ufanisi kuhusu ukaguzi wa magari na udhibiti wa mwendo kasi.

Maneno ya Bungeni hayaendi bure. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyodumu tangu miaka ya 1990, ilianza kufunguliwa kwa tamko alilolitoa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Bungeni mwezi Juni 2023. Oktoba mwaka huo mabasi yakaanza safari za usiku. Barabara ya Iringa hadi Kilolo, iliyowatesa wakulima wa viazi na wasafirisha mbao kila masika, iliulizwa Bungeni mara kwa mara hadi ikaingizwa katika mradi wa RISE unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Fedha hizo ni zako. Kuziulizia si utovu wa adabu.

Yafaa basi kila familia ifanye mambo mawili. Kwanza, safarini, fungeni mikanda, na dereva akikiuka mwendo mwonyeni kwa sauti moja, kisha toeni taarifa kwa askari katika kituo kilicho mbele. Pili, mbunge ajapo kuwatembelea, msimwombe ahadi mpya tu. Mwulizeni: fedha za matengenezo zilizoidhinishwa mwaka jana zimefika zote? Zimeziba mashimo yapi? Mkaguzi alisema nini, na Serikali ilijibu nini?

Abiria anayeuliza kabla ya ajali huwaondolea wenzake msiba. Atakayesubiri kuuliza baada yake ataikuta Tume ikiandika majina.